Nyumba ya Katoni Yenye Stima

Paukwa! Pakawa!

Haya wajukuu zangu, sogeeni karibu. Mto Tana huu mnaouona hapa Garsen, wenye maji mekundu ya udongo, umeshafanya kazi kubwa kabla ya kutufikia. Huko juu, hata Garissa bado, maji haya hupitia mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kati ya hayo, Kindaruma ndilo lililotangulia, mwaka 1968. Gitaru peke yake lina uwezo wa megawati 225. Maji hushuka kwa kishindo, huzungusha mitambo, na mitambo hutoa stima. Ndiyo kusema maji yanayonywesha mpunga wa Wapokomo na ng'ombe wa Waorma yameshawasha taa za miji ya mbali, ilhali kando ya mto huu huu wako watoto wanaodurusu kwa koroboi. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo maana nataka mjue stima inavyotembea.

Tafuteni katoni. Kateni madirisha, gaweni vyumba viwili, paa liwe la mkeka wa mkoma. Kisha leteni mawe mawili ya tochi, glopu mbili ndogo za tochi na waya mwembamba. Kila jiwe lina volti 1.5, kichwa cha moja kikiegemea kitako cha jingine, mnapata volti 3. Hizo hazimuumizi mtu. Stima ya ukutani ni volti 240, nayo huua: msiichezee kamwe, wala msiunganishe nayo nyumba hii.

Sasa sikilizeni vizuri. Stima haiendi mahali isikoweza kurudi. Inaondoka kwenye kichwa cha jiwe, inapita ndani ya glopu, na lazima irudi kwenye kitako. Mkiweka waya wa kwenda tu, glopu haiwaki hata mkeshe.

Wengi hupanga glopu kwa kufuatana, ya sebuleni kisha ya chumbani, kwenye waya mmoja. Zinawaka, ndiyo, lakini kwa unyonge, kwa sababu zinagawana zile volti 3. Moja ikiungua, njia imekatika na nyumba nzima ni giza. Afadhali kila glopu iwe na njia yake kutoka kwenye mawe na kurudi, kama mashamba ya mpunga ambayo kila moja lina mfereji wake na mlango wake wa maji. Hapo kila glopu inapata volti 3 kamili.

Mlango huo ndio swichi. Chomekeni pini mbili za chuma kwenye ukuta, kila pini na waya wake, halafu klipu ya karatasi ifungwe kwenye moja. Klipu ikigusa pini ya pili, taa inawaka; ikiinuliwa, taa inazimika.

Jihadharini na shoti. Waya wa kwenda na wa kurudi zikigusana pale zilipochunwa, stima inaikwepa glopu na kurudi moja kwa moja. Waya zinapata moto, mawe yanaisha upesi. Fungeni kila kiungo kwa utepe wa fundi wa stima.

Tayari? Washeni zote mbili. Kisha ng'oeni glopu ya sebuleni. Ya chumbani inaendelea kuwaka vilevile, na anayesoma humo hana habari.