SIKU YETU YA MISALI

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu hamkuwahi kusafiri nasi, maana mashua zilikuwa mbili tu na wanachama ni wengi. Niliahidi kuwa nitawaandikia khabari za matembezi yale, basi haya ndiyo yaliyotokea, mepesi yake na mazito yake.

Mchumo ulikuwa umekwisha. Karafuu zimekauka na kuuzwa, majamvi yamekunjwa, na kila mtu ana vidole vyenye sugu kwa kuchambua makonyo. Halmashauri ikaona ni haki wachumaji wapate siku moja ya kupunga upepo. Tukakutana Wesha baada ya sala ya alfajiri, wake kwa waume pamoja na watoto, na masufuria ya wali, samaki wa kupaka na mikate ya kumimina. Bahari ilikuwa shwari, na jua lilipopanda tukaiona Misali mbele yetu, upande wa magharibi.

Kisiwa hiki ni kidogo, lakini jina lake ni kubwa. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika hapo akataka msala wa kusalia, na wenyeji hawakuwa nao; akawaambia kuwa kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi ndicho kitakuwa msala wake. Tangu mwaka 1998 Misali ni hifadhi, na mwaka 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Wavuvi wetu huvua pembezoni mwake, lakini iko sehemu isiyovuliwa kabisa, ili samaki wapate pa kuzaliana.

Tuliposhuka, watoto walikimbilia majini. Maji yalikuwa maangavu hata mtu akiinama aliona matumbawe na samaki wa kila rangi. Tumbili hawakutuonea haya. Mmoja alishuka mtini akanyakua mkate mzima mbele ya macho ya Mweka Hazina wetu, akaenda zake bila ya kutia sahihi. Tulicheka sana, na Mweka Hazina akacheka mwisho wa watu wote.

Baada ya chakula vijana wawili walirudi mbio. Wameona alama pana mchangani, kama ya jamvi lililoburutwa kutoka majini mpaka penye vichaka. Tukaenda kutazama. Ilikuwa ni njia ya kasa jike, aliyepanda usiku kutaga. Kijana mmoja alikuwa amekwisha piga magoti anafukua, na mwenziwe ameshika kikapu.

Nikasema, "Jamani, acheni."

Mzee mmoja, ambaye sote twamheshimu, akanijibu, "Katibu, waache watoto. Baba zetu walikula mayai ya kasa na nyama yake, wala hatukuwazika kwa sababu hiyo."

Nakiri kuwa nilinyamaza. Nami nililishwa nyama ya kasa utotoni, nami nilimwonea haya mzee yule. Ndipo akasimama mama mmoja mwanachama, mwenye jamaa zake kisiwani Panza. Hakupaza sauti. Alisema, "Mzee wangu, kwa heshima zote. Mimi nimekaa matanga ya Panza. Usiniambie kuwa hakizikwi mtu."

Hapana aliyesema neno. Kijana akatoa mkono shimoni.

Ndugu Wanachama, wengi wenu mnakumbuka, lakini yafaa tuandike. Mwezi wa Novemba 2021, watu saba walikufa hapa Pemba baada ya kula nyama ya kasa. Mwezi wa Machi 2024, kisiwani Panza, wakafa tisa: watoto wanane na mtu mzima mmoja, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Si kwamba nyama ilikuwa imeoza, wala mpishi hakuwa mzembe. Sumu hiyo, ambayo wataalamu wanadhani yatokana na vyakula alavyo kasa huko baharini, haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Nyama haibadiliki rangi wala ladha, na dawa ya kuivunja haijapatikana. Watoto ndio wanaodhurika mbele, hata anayenyonya huweza kudhurika kwa maziwa ya mama yake. Mzee wetu alisema kweli kuwa baba zake hawakufa. Si kila kasa ana sumu. Lakini nani awezaye kumtambua mwenye nayo kabla ya kumla?

Mlinzi wa hifadhi alifika akatusaidia kufukia shimo kwa taratibu. Akatueleza kuwa kasa hutaga mayai mia na zaidi kwa mara moja, na baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka, mara nyingi usiku, wakafuata mwangaza wa upeo wa bahari. Taa au moto ufukweni huwapoteza njia. Yai likigeuzwa baada ya kutagwa, kijusi hufa ndani. Na mchanga ukiwa wa moto sana hutoka majike watupu. Katika mayai elfu, pengine mmoja tu ndiye aishiye hata kuwa mzazi. Sheria yetu inakataza kumvua kasa na kuchukua mayai yake.

Mzee akauliza, "Na huyo mmoja atazaa lini?" Mlinzi akamjibu kuwa hungoja miaka ishirini, hata thelathini na zaidi. Mzee akatikisa kichwa akasema, "Basi huyu ni mkarafuu wa baharini, tena mzito kuliko wetu. Mkarafuu nikiupanda, mwaka wa saba nachuma." Kisha akamwendea yule mama akamwomba radhi mbele yetu sote. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko matembezi yenyewe.

Sisi wakulima hatuhitaji kufundishwa sana katika mlango huu. Twajua ubaya wa mchumaji avunjaye tawi apate karafuu za leo, mwakani akaja kutazama kisiki. Kasa naye ndivyo alivyo, ila kosa lake laweza kutuingilia nyumbani kwa jeneza.

Halmashauri, katika mkutano uliofuata, imekubaliana haya: kila tawi lisome khabari hii mbele ya wanachama na watoto wao, mwanachama akisikia nyama ya kasa inagawiwa kijijini, awaarifu sheha na jirani zake upesi, na aliyekwisha kula apelekwe hospitali hapo hapo, asingoje kuumwa.

Tulirudi Wesha kabla ya magharibi, salama salimini, Alhamdulillahi. Takataka zetu zote tulirudi nazo, isipokuwa ule mkate mmoja.

Wenu,
Katibu