Tafi, Samaki wa Nyasi na Miiba

Kutoka Vanga hadi Kiunga hakuna jiko la mwambao lisilomjua tafi. Wako wamsifuo nguru, na wako waapao kwa changu. Mimi nikipewa hiari huchukua tafi wa kupaka, na hasa Ramadhani, nikapata na mkate wa mofa.

Umbo lake ni bapa, mdomo mdogo kama wa sungura, rangi ya kijivu inayoelekea kijani au hudhurungi, na vidoa vyeupe tele. Akishtuka hugeuka mabaka-mabaka papo hapo, hata ukadhani ni samaki mwingine. Magamba yake ni madogo mno, kwa hivyo mpishi hapati taabu ya kumpaa. Lakini amshike kwa hadhari! Mgongoni ana miiba 13, katika pezi la chini 7, na kila pezi la tumboni 2, yote ina sumu. Haiui mtu, ila maumivu yake humtoa mzee machozi. Dawa ni kutia mkono katika maji ya moto yanayostahimilika, kwani joto huivunja sumu hiyo.

Wataalamu humwita Siganus sutor. La pili ni Kilatini, maana yake mshona viatu. Ukizikumbuka sindano zile utaona halikukosewa. La kwanza asili yake ni Kiarabu, sijan, jina la jamaa zake wa Bahari ya Sham. Aliyelitia kitabuni ni Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763. Kitabu chenyewe kilitoka 1775.

Chakula chake ni mwani na nyasi za baharini, na ndiyo sababu wavuvi humtegea dema kwenye nyasi hizo ndani ya mwamba. Huenda kwa makundi. Wakati wa kaskazi, siku chache baada ya mwezi mpevu, hukusanyika wengi pamoja kutaga mayai, kama huko Msambweni. Wavuvi wanazijua siku hizo, na hapo ndipo penye hofu: anayenaswa usiku huo huondoka na kizazi kizima.

Juya la kukokota, linalokomba vitoto, lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Madema mengine nayo siku hizi huachiwa upenyo pembeni, tafi mchanga apate kutoka. Hata hivyo sokoni bado nawaona wa kiasi cha kiganja cha mtoto, wamepangwa mafungu, na wanunuzi tumewazunguka.