Kerengende wa Bahi huhama, wa Pemba hana pa kwenda

Mvua zikishatuama kwenye mbuga ya Bahi, magharibi mwa jiji la Dodoma, wakulima wa mpunga huingia majarubani na kukuta wenyeji wengine wameshafika. Kerengende wanazunguka juu ya maji, na jike anachovya ncha ya mkia, anainuka, anachovya tena. Hapo anataga mayai.

Miongoni mwao yumo yule wa rangi ya manjano na kahawia ambaye wataalamu humwita Pantala flavescens. Maisha yake yanaoana na nchi hii ya Wagogo, ambako mvua ni za msimu mmoja na dimbwi la Januari huwa vumbi kabla ya Agosti. Maji yakiwa na joto, lava wake huweza kukomaa kwa takribani wiki sita, huku akila viluwiluwi vya mbu. Siku ikifika hupanda shina la mpunga, mgongo unapasuka, na mdudu mwenye mabawa anajikwamua. Ganda tupu hubaki limeng'ang'ania shina.

Dimbwi likikauka, yeye ameshaondoka na upepo. Mwaka 2009, mwanabiolojia Charles Anderson alichapisha utafiti kuhusu makundi ya kerengende hawa yanayoonekana Maldivi kila mwaka kuanzia Oktoba, ilhali visiwa hivyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi. Hoja yake ni kwamba wanatoka India, wanavuka Bahari ya Hindi kwa msaada wa upepo na kuishia Afrika Mashariki, wakifuata mvua.

Sasa tuvuke mkondo wa bahari hadi Pemba. Kaskazini magharibi mwa kisiwa hicho, kwenye msitu wa Ngezi, anaishi kerengende mwembamba anayekunja mabawa mgongoni akitua. Jina lake la kitaalamu sasa ni Proplatycnemis pembipes, na sayansi ilimtambua rasmi mwaka 2007, kwa kazi ya watafiti Dijkstra, Clausnitzer na Martens. Hajulikani kuishi kwingine kokote duniani. Jambo la kushangaza ni kwamba, ingawa Tanga iko ng'ambo tu, watafiti hao walimhusisha na jamaa zake wa Madagaska. Hata popo mkubwa wa Pemba ana asili inayoelekea upande huo.

Kerengende huyu hana safari. Anahitaji kijito chenye maji yanayotiririka na kivuli cha miti mikubwa. Miti ya kingo ikikatwa, jua hupasha maji joto na udongo huporomokea ndani, na kijito hukosa sifa zilizomweka hapo.

Bara nako kuna wa namna hiyo. Amanipodagrion gilliesi, aliyeelezwa mwaka 1962, anajulikana katika eneo la Amani tu, kwenye milima ya Usambara Mashariki, na yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Msitu wa mlimani uliozungukwa na mashamba ni kisiwa pia, hata kama bahari iko mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wadogo wa dhahabu walivamia vijito vya milima hiyo, wakafukua kingo na kuchafua maji.

Tukizungumzia uhifadhi, macho yetu hukimbilia tembo na faru, wanaohitaji maelfu ya kilomita za mraba na askari wenye silaha. Kerengende wa Ngezi anahitaji kijito kimoja na ukanda wa miti pande zote mbili. Ulinzi wake ni wa bei nafuu, lakini hauna nafasi ya kurudia. Mkulima wa Bahi akipuliza dawa jarubani mwaka huu na kuua lava wote, upepo unaweza kumletea kerengende wengine msimu ujao. Kijito cha Ngezi kikiharibika, hakuna upepo utakaomrudisha wa kwake, kwa kuwa hakuna mahali pengine alipobaki. Kwa hiyo halmashauri, wanavijiji na walinzi wa misitu wanapopanga mipaka, waanzie kwenye kingo za maji.