Gari Lililosahaulika Bustanini

Mtu apitaye njia karibu na Solihull, mji wa viwanda ulio jirani na Birmingham nchini Uingereza, angeliweza kuliona gari hilo bila ya kugeuza shingo. Lilikuwa Land Rover kuukuu, limefunguliwa nusu na kuachwa katika bustani ya nyumba ya kawaida. Hata katika Afrika ya Mashariki wako watu wazima wengi waliojifunza kuendesha katika ndugu zake. Lakini mwezi wa Januari 2018 kampuni iliyolitengeneza ilitangaza kuwa hilo ni mojawapo ya magari ya majaribio yaliyoonyeshwa mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, Land Rover ilipojulishwa kwa ulimwengu kwa mara ya kwanza.

Lilitambuliwaje? Wataalamu walipekua kumbukumbu za kampuni kwa muda wa miezi kadha ili kufuatilia wenyeji wake. Zaidi ya hayo, gari lenyewe lilitoa ushahidi. Magari ya majaribio yalikuwa 48 tu, nayo yalikuwa na mabamba mazito zaidi ya aloi ya alumini, sehemu ya nyuma iwezayo kuondolewa, na fremu ya chuma iliyopakwa zinki.

Alumini ilichaguliwa kwa sababu ya dhiki: baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kiligawiwa kwa kipimo nchini Uingereza. Gari hilo liliacha barabara katika miaka ya 1960, likakaa miaka 20 katika shamba huko Wales, nchi ya mvua nyingi, kabla ya kununuliwa na mtu aliyetaka kulifufua. Lingekuwa la chuma kitupu, pengine kingekuwa kimesalia kichuguu cha kutu.

Hapa mwanafunzi aweza kushangaa, kwani alumini huungana na oksijeni kwa nguvu kuliko chuma. Tofauti imo katika kile kinachozaliwa. Kutu ya chuma hubanduka na kuyapisha maji yaendelee kula ndani. Oksidi ya alumini ni utando mwembamba mno unaoshikamana na metali na kuifunika. Zinki nayo hulinda kwa njia nyingine, ambayo kila mwenye nyumba ya mabati anaitegemea. Potenshali yake ni volti hasi 0.76, na ya chuma ni hasi 0.44, kwa hiyo panapokwaruzwa, zinki huliwa kwanza na chuma husalimika. Ulinzi huo si wa milele: zinki ikiisha, zamu ya chuma hufika.

Mafundi waliokabidhiwa gari hilo waliazimia kutolifanya jipya. Rangi yake ya kijani kisichokoza, iliyopakwa mwaka 1948, ilipangwa ihifadhiwe pamoja na makovu yake yote, jambo ambalo ni gumu zaidi kuliko kuikwangua na kupaka nyingine.