Kamba na Mkono wa Babu

Paukwa!

Haya, nimewasikia mkiitika. Lakini leo sisimulii ya sungura na fisi. Nasimulia ya nyoka wa kweli kabisa, ambaye siku ya kwanza tulipokutana aliniuma, na siku ya pili akaninyea.

Mjukuu wangu ana miaka 11, anaishi na wazazi wake Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Nilipokwenda kuwatembelea nilikuta sebuleni tangi la kioo lenye kifuniko, na ndani yake kitu chembamba kama penseli, rangi ya chungwa, chenye mabaka mekundu yaliyozungushiwa weusi. Jina lake Kamba. Mtoto alimpa jina hilo kwa sababu niliwahi kumwambia kwamba utotoni mwangu, Tanga, tulikatazwa kumtaja nyoka usiku. Tulisema "kamba", na kila mtu alielewa.

Kamba ni nyoka wa mahindi. Asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani, na huko huonekana sana kwenye maghala ya mahindi, maana panya wamejaa humo. Hana sumu. Akikua anaweza kufika mita moja na nusu, ila huyu alikuwa na sentimita 30 tu.

Hapo "hana sumu" naomba msipite mbio. Nyoka wa nyuma ya choo chenu si Kamba. Huenda ni fira, huenda ni koboko, huenda ni kifutu aliyelala kama gogo. Huyo hachezewi wala hashikwi. Unarudi nyuma taratibu na kumwita mtu mzima. Tumeelewana? Tuendelee.

Siku ile ya kwanza nilitaka kumwonyesha mjukuu kwamba babu si mwoga. Nikafungua kifuniko, nikashusha mkono kutoka juu, tena mkono uliotoka kula samaki wa kukaanga. Kamba akajikunja kama herufi S. Mkia ukatetemeka juu ya vipande vya mbao, ukapiga kelele kama majani makavu yanayokanyagwa. Kisha, tap! Nikapiga ukunga uliofika jikoni. Nilipotazama kidole, hata damu hakuna. Ilikuwa kama kukwaruzwa na mswaki mkavu.

"Babu! Umemtisha!"

Mnaona? Aliyeumwa ni mimi, anayeonewa huruma ni nyoka. Lakini mtoto alikuwa sahihi. Mmewahi kuona vifaranga kivuli cha mwewe kinapopita uani? Basi na nyoka mchanga ndivyo alivyo. Mwewe humla, paka humla, hata nyoka wenzake humla. Na kinachomla mara nyingi hushuka kutoka juu. Mkono wangu mkubwa, wenye joto na unaonuka samaki, ulishuka kutoka wapi? Asingejihami angekuwa mjinga.

Na ulimwengu wake si kama wetu. Hana kope, kwa hiyo hata akilala macho yako wazi. Hana matundu ya masikio, ila mtikisiko wa hatua zako huupata kupitia taya lililolala chini. Ule ulimi wenye ncha mbili hauchomi mtu. Unaokota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kilichoko juu ya kaakaa, na hapo ndipo anapojua wewe ni nani, au ni chakula gani.

Kumbe mjukuu alikuwa na utaratibu wake. Kamba alipoletwa hakuguswa wiki nzima. Alipewa maji, mahali pawili pa kujificha, upande mmoja wenye joto la nyuzi 30 hivi na mwingine wa baridi, basi. Akisha kula kipanya chake anaachwa siku mbili, la sivyo atakitapika. Macho yakiingia ukungu wa samawati vilevile anaachwa, maana anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri. (Mwaka 2011 wanasiasa wa chama cha CCM, huko Tanzania, waliuazima msemo huo wa kujivua gamba. Kamba hufanya bila hotuba.)

Siku ya pili nikanawa mikono kwa sabuni, tukakaa sakafuni ili hata akianguka isiwe kutoka mbali. Mkono nikauingiza kwa ubavuni, chini, polepole, nikautuliza. Ulimi ukatoka, ukaingia, ukatoka tena. Mjukuu akaninong'oneza nipitishe vidole chini ya tumbo, katikati ya mwili, nisikamate shingo wala mkia. Nikamwinua. Papo hapo kitu cha majimaji kinachonuka vibaya kikanimwagikia kiganjani. Hiyo nayo ni silaha yake, na nawahakikishia inafanya kazi.

"Usimtupe, Babu. Kuwa mti."

Nikawa mti. Mti haukamati wala haushtuki. Kamba akakimbia kwenda mbele, nami nikamtangulizia mkono wa pili awe na pa kupita, kisha wa kwanza tena, kama daraja lisilokwisha. Mwanzoni alikwenda kwa kushtukashtuka. Baada ya dakika tatu mwili ukalegea, akaanza kuteleza pole, ulimi ukitoka kwa nafasi. Dakika ya tano tukamrudisha, tukanawa tena, kwa sababu nyoka hata mzima hubeba vijidudu vya kuharisha.

Msidhani sasa ananipenda. Paka atakungoja mlangoni, lakini nyoka atakuzoea tu, kama anavyozoea tawi.

Wiki ya tatu alinizoea mno. Aliingia kwenye mkono wa shati langu, akapanda hadi karibu na kwapa, penye joto, akatulia. Nyoka havutwi kinyumenyume, magamba yake yameelekea nyuma na unaweza kumuumiza. Ikabidi nivue shati lote taratibu, nililaze kwenye kochi, na kumsubiri atoke kwa hiari yake. Wakati huohuo bibi yenu akapiga simu ya video kutoka Tanga, na mjukuu akapokea. Alichokiona bibi ni mimi kifua wazi sebuleni kwa watu, na pembeni yangu shati ambalo mkono wake mmoja unatembea wenyewe.