Jinsi ya kuomba nafasi ya mafunzo ya utafiti wa upasuaji

Vyuo vikuu na mashirika ya afya hutangaza nafasi kwa madaktari, wauguzi na wataalamu wa dawa ya usingizi wanaotaka kujifunza kufanya utafiti juu ya upasuaji. Wengi huziita feloshipu. Mtu aliye mjini, karibu na chuo kikuu, husikia tangazo mapema na ana wa kumsomea barua yake. Daktari wa hospitali ya wilaya, anayewaona kila siku wagonjwa ambao utafiti huo unawahusu, mara nyingi husikia muda wa maombi ukiwa umekwisha. Makala hii inaeleza nafasi hizo zikoje, waombaji wanatakiwa kuandaa nini, na mambo gani ya kukubaliana na hospitali kabla ya kuondoka.

Upasuaji wa kimataifa ni nini?

Jina hili huwachanganya watu. Wengine hudhani ni safari za madaktari wa nje wanaokuja wiki mbili, wakapasua wagonjwa na kuondoka. Sivyo. Ni fani inayouliza kwa nini mtu mmoja anapata upasuaji salama na mwingine hapati, na kifanyike nini ili wote waupate kwa gharama wanayoimudu.

Kwa miaka mingi mipango ya afya ilitazama zaidi malaria, kifua kikuu, UKIMWI na chanjo. Upasuaji ulihesabiwa kuwa jambo la gharama kubwa. Mwaka 2015 Tume ya jarida la Lancet ilitoa taarifa iliyobadili mazungumzo hayo. Ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji na dawa ya usingizi vilivyo salama na vya bei wanayoimudu. Kati ya operesheni milioni 313 zilizokuwa zikifanyika kila mwaka duniani, asilimia 6 tu zilifanyika katika nchi maskini zaidi, ambako zaidi ya theluthi moja ya watu wote wanaishi. Mwezi Mei mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha upasuaji wa dharura na wa lazima. Zambia ilitoa mpango wake wa kitaifa wa upasuaji mwaka 2017, na Tanzania ikafuata mwaka 2018 kwa mpango wa hadi 2025.

Tume hiyo ilipendekeza vipimo ambavyo hospitali yoyote inaweza kuvielewa. Je, watu wanaweza kufika ndani ya saa mbili mahali panapofanyika upasuaji wa kujifungua, kufunguliwa tumbo na kutibiwa mfupa uliovunjika na kutoboa ngozi? Kuna wataalamu wangapi? Operesheni ngapi zinafanyika kwa mwaka? Wangapi hufariki baada ya upasuaji? Ni familia ngapi zinafilisika kwa sababu ya gharama? Maombi mengi mazuri huanzia kwenye mojawapo ya maswali haya.

Utafiti unamsaidia nini mgonjwa?

Mfano mmoja uko hapa Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ni mgonjwa gani huyu? Anapasuliwa wapi? Amepewa dawa ya kuzuia maambukizi? Vitambaa vyote vimehesabiwa? Majaribio yalifanyika katika hospitali nane duniani, zikiwamo za London, Seattle na Toronto. Mojawapo ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, hospitali ya kanisa iliyokuwa hospitali teule ya wilaya.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha hiyo sasa inatumika katika nchi nyingi. Lakini utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, haukuona punguzo la maana la vifo baada ya hospitali kuagizwa kuitumia. Wengi wamelisoma hilo kuwa onyo: kuweka alama kwenye karatasi si sawa na watu kuzungumza kabla ya kupasua. Ndiyo maana utafiti hauishi. Jambo lililofaa mahali pamoja linahitaji kupimwa upya mahali pengine, na anayepajua mahali hapo ndiye anayefaa kuwa miongoni mwa wapimaji.

Mwaka 2018 utafiti mwingine, uliohusisha hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika na wagonjwa zaidi ya 11,000, ulionyesha kwamba mgonjwa wa Afrika ana uwezekano mara mbili wa kufa baada ya upasuaji kuliko wastani wa dunia, ingawa wagonjwa hao walikuwa vijana zaidi na wenye hatari ndogo zaidi kabla ya upasuaji. Vifo vingi vilitokea baada ya operesheni, wakati mgonjwa yuko wodini. Kazi ya kujua nini hutokea wodini usiku inamhusu muuguzi sawasawa na daktari.

Nafasi zikoje?

Kwa ujumla kuna aina tatu.

1. Nafasi za ng'ambo. Unakaa chuoni mwaka mmoja au miwili, na utafiti wenyewe hufanyika katika nchi mojawapo. Chuo Kikuu cha Harvard, kwa mfano, kina programu ya upasuaji wa kimataifa ambayo imepokea watafiti kutoka nchi mbalimbali. Baadhi ya nafasi zake zina jina la Paul Farmer, daktari aliyefariki Butaro, Rwanda, Februari 2022.

2. Nafasi za hapa Afrika. Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani kilichoko Butaro kina kituo cha upasuaji. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), chenye makao makuu Arusha, huandaa mkutano wa kisayansi kila mwaka, ambapo wanaoanza utafiti hukutana na wazoefu. Hospitali za misheni kama Tenwek na Kijabe nchini Kenya hufundisha wapasuaji kupitia Chuo cha Wapasuaji Wakristo wa Afrika (PAACS) kilichoanzishwa mwaka 1996.

3. Nafasi za kujifunza ukiwa kazini. Unabaki hospitalini kwako, unakutana na msimamizi kwa intaneti, na unasafiri kwa vipindi vifupi.

Soma masharti ya mwaka unaoomba, si ya mwaka uliopita. Tarehe, umri wa taaluma unaotakiwa na fedha hubadilika.

Anza na swali

Wapokeaji wa maombi husoma barua nyingi zinazosema mwombaji anapenda utafiti. Wanachotafuta ni mtu mwenye swali. Tuchukue mfano. Watumishi wa hospitali fulani hulalamika, "Akina mama wanatufikia wamechelewa." Hayo ni malalamiko ya kweli, lakini bado si swali la utafiti. Yanaweza kugeuzwa hivi: "Kati ya akina mama waliofanyiwa upasuaji wa dharura wa kujifungua hapa kwa miezi 12, wangapi walitumia zaidi ya saa mbili tangu waliporufaiwa hadi walipofika, na walichelewa wapi: nyumbani, njiani au mlangoni kwetu?"

Swali la pili lina watu maalumu, muda maalumu na kitu cha kuhesabu. Sasa fungua rejista ya chumba cha upasuaji. Je, saa ya kufika imeandikwa? Kama haikuandikwa, umegundua kwamba kazi ya kwanza ni kuboresha rejista, na jambo hilo likiandikwa katika maombi linaonyesha unaijua hali halisi. Zungumza kwanza na mganga mfawidhi. Kutazama rejista kwa kazi ya hospitali ni jambo moja. Kuchukua taarifa za wagonjwa kwa ajili ya utafiti ni jingine, na linahitaji kibali.

Angalia pia wengine wameshaandika nini. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Muulize mkutubi wa chuo kilicho karibu.

Kuandaa nyaraka

Wasifu. Kurasa mbili au tatu zinatosha. Taja elimu, kazi, operesheni unazofanya au kusimamia, na utafiti wowote hata kama ulikuwa wa mwaka wa mwisho chuoni. Taarifa uliyoandikia wilaya kuhusu vifo vya uzazi ni kazi ya kuchambua takwimu, itaje. Usiongeze jina lako kwenye makala usiyoshiriki.

Barua ya maelezo. Linganisha mianzo hii miwili:

"Tangu utotoni nilikuwa na ndoto ya kuwa daktari na kuwasaidia watu."

"Hospitali yetu ina chumba kimoja cha upasuaji na mtaalamu mmoja wa dawa ya usingizi. Akiwa likizo, wagonjwa wa dharura hupelekwa kilomita 90. Nataka kujifunza kupima gharama ya umbali huo kwa mgonjwa na kwa familia yake."

Wa kwanza ungeweza kuandikwa na mtu yeyote. Wa pili unaweza kuandikwa na mtu wa mahali pamoja tu. Baada ya hapo eleza unataka stadi gani (takwimu, uandishi, uchumi wa afya), kwa nini programu hiyo ndiyo inayofaa, na utafanya nini ukirudi.

Barua za wadhamini. Chagua wanaoijua kazi yako kuliko wenye vyeo vikubwa. Waombe mapema, angalau wiki sita kabla, na uwape wasifu wako, swali lako na tarehe ya mwisho. Wakumbushe kwa upole.

Andiko fupi. Likitakiwa, liwe na tatizo, swali, mbinu, muda, bajeti na mambo ya maadili. Mpe asiye mganga alisome. Asipoelewa, liandike tena.

Fedha

Hapa wengi hukwama. Baadhi ya nafasi hulipa posho na nauli. Nyingine humtaka mtafiti aje na fedha zake. Uliza kwa barua pepe kabla ya kuomba:

• Posho ni kiasi gani, na inatosha kodi ya nyumba mjini hapo?
• Nani analipa viza, nauli na bima ya afya?
• Familia inaruhusiwa kufuatana nami?
• Viza inaniruhusu kugusa wagonjwa, au ni utafiti tu?
• Kuna sharti lolote baada ya mafunzo?

Kuuliza si utovu wa adabu. Programu nzuri hujibu waziwazi.

Hospitali unayoiacha

Hospitali yenye mpasuaji mmoja ikimpoteza kwa mwaka, wagonjwa ndio watakaolipa. Jambo hili lisiachwe hadi barua ya kukubaliwa ifike. Kaeni mapema na uongozi: nani atashika zamu? Je, unaweza kwenda kwa vipindi vya miezi mitatu? Je, programu itagharamia wa kushika nafasi yako? Likizo ya masomo na kurudi kazini viandikwe, pande zote zitie sahihi. Uongozi nao usimfungie mtumishi njia kwa hofu kwamba hatarudi. Aliyenyimwa ruhusa leo anaweza kuacha kazi kesho, na hospitali ikakosa yote mawili.

Nani mwenye utafiti?

Upo mtindo wa watafiti kuja, kuchukua takwimu na kuchapisha bila watu wa mahali hapo. Ukipata nafasi, uko mahali pa kuuzuia. Tanzania, kibali cha kitaifa cha maadili hutolewa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI baada ya kamati ya maadili kuridhia. Kibali cha chuo cha ng'ambo hakichukui nafasi ya vibali hivi. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinagusa pia kupeleka taarifa za wagonjwa nje ya nchi.

Kubalianeni tangu mwanzo: takwimu zitatunzwa wapi, nani atakuwa mwandishi wa kwanza, na muuguzi aliyefanya kazi ya kitaalamu ya utafiti atapewaje nafasi ya kuwa mwandishi. Matokeo yarudi hospitalini kwa lugha ambayo kamati ya hospitali na wananchi wanaielewa.

Usaili, na baada yake

Usaili mwingi hufanyika kwa intaneti. Tafuta mahali penye umeme na mtandao wa uhakika, na uwape namba ya simu endapo mtandao utakatika. Jizoeze kueleza swali lako kwa dakika mbili. Usichokijua, sema hukijui na utakavyojifunza.

Wengi hawapati mara ya kwanza. Omba maoni kwa heshima, rekebisha, omba tena. Wakati huo anza kazi iliyo ndani ya uwezo wako: boresheni rejista, kaeni kila mwezi kujadili vifo bila kumtafuta wa kulaumiwa, hesabuni vidonda vilivyooza. Kazi hiyo itamfaa mgonjwa wa kesho hata kama barua ya kukubaliwa haitafika, na ikifika, utakuwa na la kusema.

Maswali ya kujadili

• Katika hospitali yetu, mgonjwa wa upasuaji huchelewa wapi zaidi? Tunajuaje?
• Rejista yetu inaweza kujibu swali gani leo, na inashindwa kujibu lipi?
• Mtumishi mmoja akipata nafasi ya masomo, tumejipangaje kuziba pengo lake?
• Watafiti waliowahi kuja kwetu walitueleza walichokipata?