Kidonge Kile Kile, Bei Tatu
Mwanamke aliyekoma hedhi akiugua yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) kila baada ya miezi michache, watu huanza kumuuliza habari za vyoo na chupi. Mara nyingi kisa ni estrojeni iliyopungua: ngozi ya ukeni na ya njia ya mkojo imekuwa nyembamba, bakteria walinzi wametoweka, wale wa choo wamepata mwanya. Antibayotiki huzima moto, lakini mwanya unabaki.

Cha kuuziba mwanya huo ni estrojeni kidogo ya kuweka ukeni. Homoni za kumeza hazizuii yutiai, hata zikituliza joto la usiku.

Nimepiga hesabu ya Uingereza, ambako kidonge cha ukeni cha mikrogramu 10 kina milango kadhaa ya kukipata. Tangu 2022 kinauzwa kwenye duka la dawa bila karatasi ya daktari kwa jina la Gina, kwa aliyetimiza miaka 50 na kukaa mwaka bila hedhi. Kilipoingia sokoni, boksi la vidonge 24 lilikuwa karibu pauni 30. Wiki mbili za mwanzo unaweka kimoja kila siku, kisha viwili kwa wiki: mwaka wa kwanza vidonge 114, maboksi 5, pauni 150 hivi. Na hapo boksi linataja dalili za uke kama ukavu, si yutiai. Mwenye yutiai za kurudi bado anamhitaji daktari.

Kwa daktari, England, kila dawa ni pauni 9.90. Ila tangu Aprili 2023 kuna cheti cha dawa za homoni: unalipa pauni 19.80, mwaka mzima umemaliza. Dozi tatu tu za antibayotiki zinazidi hapo. Aliyefika 60 halipi kitu, na Uskoti na Wales hakuna anayelipa.

Ukiwa na cheti, chagua kwa mkono, si kwa mfuko. Krimu huvuja na kuchafua nguo. Kidonge ni kisafi. Pete ya ukeni hukaa miezi mitatu, nafuu kwa mwenye vidole vinavyouma.

Anayetumia letrozoli au anastrozoli kwa saratani ya matiti asinunue kimyakimya. Dawa hizo ndizo zinazomkausha, na estrojeni ni ya kuamuliwa na daktari wake wa saratani. Amuulize pia kuhusu methenamini, dawa ya kuzuia yutiai isiyo homoni: utafiti wa Uingereza wa 2022 uliona haipitwi sana na antibayotiki za kila siku.